Gari la umeme la mbio: Mali au mzigo kwa mfanyabiashara?

SOMO LA WIKI

Msimu wa mbaazi unapomalizika na fedha kuingia benki, jambo la kwanza ambalo wafanyabiashara wengi hulifikiria ni gari. Kwa miaka mingi mjini Babati mawazo hayo yaliishia kwenye Land Cruiser, Fuso au pikapu ya kubebea mizigo. Siku hizi yameingia mawazo mapya. Vijana wanaofanya biashara, kuanzia katikati ya mji hadi kata ya Mutuka, wameona kwenye simu zao magari madogo ya saluni yanayotumia umeme, yenye uwezo wa kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde tatu. Magari hayo husifiwa kuwa ni ya kwendea kazini siku za wiki na ya kushindana kwenye uwanja wa mbio mwisho wa wiki. Pia husifiwa kuwa hayali mafuta, na kwa hiyo ni ya bei nafuu kuyatumia.

Somo letu la wiki hii ni kuhusu madai hayo ya mwisho. Ni kweli kwamba gari la umeme la kasi linatumia fedha kidogo barabarani. Lakini kwa mtu anayezungusha mtaji, bei ya umeme ni sehemu ndogo mno ya gharama yake. Gharama kubwa ni tatu: thamani inayoshuka, vipuri vinavyoliwa na kasi, na uwezo uliolipiwa ambao mwenye gari hana mahali pa kuutumia. Msomaji atakayefuata hesabu zetu hadi mwisho ataweza kuzifanya mwenyewe kwa gari lolote, hata kwa pikipiki.

Gari lenyewe ni la namna gani

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana zaidi katika kundi hili, Tesla Model 3 Performance. Toleo lililoingia sokoni mwaka 2024 lina nguvu za farasi zipatazo 460, uzito wa kilo kama 1,850, na hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.1. Kwa vipimo vya Ulaya, betri ikijaa gari hilo huenda kilomita 528. Juu yake wapo wakubwa zaidi: Tesla Model S Plaid yenye nguvu za farasi 1,020, Porsche Taycan Turbo GT, na Xiaomi SU7 Ultra ya China yenye nguvu zinazozidi 1,500.

Magari haya hayana injini, giaboksi ya kawaida wala tangi la mafuta. Betri kubwa ya lithiamu imelazwa chini ya sakafu, na mota za umeme huzungusha magurudumu. Mota ya umeme hutoa nguvu yake mara tu dereva anapokanyaga, bila kusubiri injini ipande mzunguko. Dereva anapoachia pedali, mota hiyo hiyo hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Hakuna kubadilisha oili ya injini, plagi wala chujio la mafuta. Hapo ndipo inapotoka sifa ya unafuu, na sifa hiyo ni ya haki.

Hesabu ya barabarani

Babati ipo kwenye njia panda ya barabara kuu ya Arusha na Dodoma na ile ya kwenda Singida. Lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na ile ya kwenda Arusha kupitia Magugu, Minjingu na Makuyuni ina urefu upatao kilomita 170. Kwa hiyo barabara ya kuendeshea gari zuri ipo.

Gari tunalolizungumzia, likiendeshwa kwa utulivu, linahitaji takriban yuniti 0.2 za umeme kwa kila kilomita moja, ukihesabu pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliyeko nje ya kundi la watumiaji wadogo hulipa kama Sh. 356 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwa ndani. Kilomita moja basi inagharimu Sh. 71. Safari ya Arusha kwenda na kurudi, kilomita 340, ni kama Sh. 24,000.

Linganisha na saluni ya petroli yenye nguvu inayokaribia hiyo. Ikiwa inakunywa lita 12 kwa kilomita 100, na tukichukua bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa lita, kilomita moja ni Sh. 360. Safari ile ile ya Arusha ni Sh. 122,400. Msomaji aweke bei ya petroli inayotangazwa na EWURA kila mwezi kwa mkoa wake. Jibu litabadilika kidogo, lakini umeme utabaki kuwa nafuu kwa mbali.

Hata hivyo kuna masharti mawili. La kwanza ni muda. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo betri tupu ya yuniti 75 itahitaji zaidi ya saa 24. Ukifungiwa chaja maalumu ya kilowati 7.4 na fundi umeme mwenye leseni, itajaa kwa saa zipatazo 11, yaani usiku mmoja mrefu. Chaja hiyo huvuta ampea 32 mfululizo, na nyaya za nyumba nyingi hazikutandazwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kununua gari, mwite fundi apime nyumba.

Sharti la pili ni chanzo cha umeme. Umeme ukikatika na ukawasha jenereta ya dizeli, lita moja hutoa yuniti kama tatu. Kwa bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa lita, yuniti moja inakuwa Sh. 1,000, na kilomita moja inapanda hadi Sh. 200. Hapo unafuu wote umekwisha, kwani saluni ndogo ya petroli nayo huenda kwa kiasi hicho. Habari njema ni kwamba hali ya umeme nchini imeimarika tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Lakini anayenunua gari la umeme anaunganisha safari zake na LUKU, na ni lazima ajue eneo lake hukatika mara ngapi kwa mwezi.

Kinachotokea uwanjani

Sasa tuje kwenye upande wa mbio, ambao ndio unaoongeza bei ya gari hili juu ya saluni za umeme za kawaida.

Uwanja wa mbio ni barabara iliyofungwa, yenye kona na sehemu ndefu zilizonyooka, ambako dereva hulipa ada ya siku na kuendesha kwa mwendo wote anaouweza. Kazi kubwa ya gari pale ni kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona, na kuongeza mwendo tena, bila kupumzika. Gari la kilo 1,850 likipunguzwa kutoka kilomita 200 hadi 80 kwa saa, nishati inayotakiwa kuondolewa ni theluthi mbili ya yuniti moja ya umeme. Hiyo ni sawa na pasi ya wati 1,000 kuwaka kwa dakika 40, isipokuwa hapa inatokea kwa sekunde chache, na inarudiwa katika kila kona kali.

Sehemu ya nishati hiyo hurudi kwenye betri, na iliyobaki hugeuka kuwa joto katika breki. Kwa sababu hiyo pedi za breki zinazodumu miaka mingi mjini zinaweza kwisha kwa siku chache za uwanjani. Mafuta ya kawaida ya breki huchemka, na pedali ya breki huzama hadi chini. Wanaojua mchezo huu hubadilisha pedi na mafuta ya breki kabla ya kuingia uwanjani. Tesla wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 2020 walianza kuuza kwa dola 5,500 za Marekani furushi la magurudumu, tairi za mbio, pedi na mafuta ya breki kwa wenye Model 3 Performance.

Tairi nazo hubeba uzito wa betri. Gari la umeme ni zito kuliko saluni ya petroli ya ukubwa wake, na uzito huo hukandamiza tairi za nje kwenye kila kona. Seti inayodumu mwaka barabarani inaweza kuharibika kwa siku mbili tatu za mashindano.

La tatu ni joto la betri. Betri inayotoa nguvu nyingi mfululizo hupata moto, na kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuilinda. Dereva hukanyaga vile vile, lakini gari halijibu kama mwanzo. Mwezi Novemba 2018 Tesla waliongeza programu maalumu ya uwanjani ambayo hupoza betri na mota kabla na wakati wa mzunguko. Ilisaidia sana, lakini haikuondoa ukweli kwamba matumizi ya umeme uwanjani huweza kufika mara tatu ya yale ya barabarani na zaidi. Betri inayokufikisha Arusha na kukurudisha itakwisha mapema mno pale, na mahali pasipo na chaja ya kasi siku yako imekwisha.

Swali la msingi kwa msomaji wa Mutuka ni hili: uwanja huo uko wapi? Tanzania hatuna uwanja wa kudumu wa lami wa mbio za magari. Mchezo wetu ni rali, ambayo hukimbizwa kwenye barabara za udongo, na saluni ya umeme yenye nafasi ya sentimita 14 tu kati ya betri yake na ardhi haina kazi huko. Viwanja vya lami vya hadhi ya juu vilivyo karibu nasi ni kama Kyalami cha Afrika Kusini, na kule Ghuba kuna Dubai Autodrome na Yas Marina cha Abu Dhabi. Ndugu zetu wanaoishi Dubai wanaweza kulitumia gari hili kama lilivyokusudiwa. Wa Babati atabaki na vibao vya kilomita 50 kwa saa na matuta.

Huo ndio tunaouita mtaji uliolala. Umelipia nguvu za farasi 460 na unatumia 60. Ni sawa na kujenga ghala la magunia 10,000 na kuhifadhi 1,000 kila mwaka. Ghala halina kosa lolote, ila fedha zako zimefungwa kwenye nafasi tupu.

Bei huamuliwa mbali

Wafanyabiashara wa Manyara hawahitaji kufundishwa namna uamuzi wa mbali unavyoweza kubadilisha thamani ya mali iliyoko ghalani. Mwezi Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Gunia lilikuwa lile lile na mbaazi zile zile, lakini bei ilianguka, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu walibaki na mzigo.

Magari ya umeme yana tabia hiyo hiyo. Mwezi Januari 2023 Tesla ilipunguza bei zake nchini Marekani kwa siku moja. Model 3 Performance ilitoka dola 62,990 hadi 53,990. Aliyenunua mwezi mmoja kabla alipoteza dola 9,000, yaani asilimia 14, bila gari kukwaruzwa. Model S Plaid ilishuka kutoka dola 135,990 hadi 114,990, na kufikia Septemba 2023 ilikuwa inauzwa dola 89,990. Gari jipya linaposhuka bei, lililotumika hushuka nalo, kwani hakuna atakayenunua la mtumba kwa bei ya jipya.

Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ya Marekani ndiyo iliyopata somo hilo kwa uchungu zaidi. Mwezi Oktoba 2021 ilitangaza kuagiza magari 100,000 ya Tesla, na siku hiyo hiyo thamani ya hisa zote za Tesla ilivuka dola trilioni moja. Mwezi Januari 2024 Hertz ilitangaza kuuza magari 20,000 ya umeme, ambayo ni kama theluthi ya magari yake ya aina hiyo, na kuandika hasara ya dola milioni 245 kwa kushuka kwa thamani. Baadaye iliongeza mengine 10,000 kwenye orodha ya kuuzwa. Kampuni ilieleza pia kwamba matengenezo ya magari hayo baada ya ajali yalikuwa ghali kuliko ilivyotarajia. Umeme haukuwa tatizo. Thamani ndiyo iliyowaangusha.

Sababu ya pili ya kushuka ni mbio zenyewe za viwanda. Kipimo kinachoheshimiwa na watengenezaji ni mzunguko wa Nürburgring nchini Ujerumani, wenye urefu wa karibu kilomita 21. Mwaka 2021 Model S Plaid iliuzunguka kwa dakika 7 na sekunde 35. Mwaka 2022 Porsche Taycan Turbo S ilitumia dakika 7 na sekunde 33. Mwaka 2023 Plaid ikarudi na dakika 7 na sekunde 25. Januari 2024 Porsche ikatangaza dakika 7 na sekunde 7 kwa Taycan Turbo GT, na mwaka 2025 Xiaomi ikatoa SU7 Ultra iliyotumia dakika 7 na sekunde 4. Bingwa wa mwaka huu ni gari la kawaida mwaka unaofuata. Anayenunua sifa ya ubingwa ananunua bidhaa inayooza haraka kuliko nyanya.

Tena, mwenye gari hana mamlaka yote juu yake. Mwezi Mei 2025 wateja wa Xiaomi SU7 Ultra walilalamika baada ya programu mpya kupunguza nguvu ya magari yao hadi kama nguvu za farasi 900, mpaka mwenye gari athibitishe uwezo wake uwanjani. Kampuni iliiondoa programu hiyo baada ya malalamiko. Lakini jambo limeonekana: sehemu ya mali uliyonunua inashikiliwa na aliyekuuzia.

Afrika Mashariki imejifunza nini

Jijini Nairobi kampuni ya teksi za umeme ya NopeaRide ilianza mwaka 2018 kwa kutumia magari madogo ya Nissan Leaf. Madereva walifurahia gharama ndogo ya umeme. Hata hivyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya kampuni mama ya Finland kukosa fedha na kufilisika. Unafuu wa kila kilomita haukutosha kubeba uzito wa mtaji.

Kwa upande wa mbio, Safari Rally ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Kuanzia 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu yaliyoshindana hapo yalikuwa na mota ya umeme ya kilowati 100 ikisaidiana na injini. Kuanzia 2025 mitambo hiyo iliondolewa, gharama ikiwa miongoni mwa sababu. Ikiwa timu za Toyota na Hyundai zimeona mzigo, mfanyabiashara mmoja anapaswa kuhesabu mara mbili.

Mitego ya kuagiza

Anayeamua kuendelea ajue mambo manne kabla ya kutuma fedha nje.

Kwanza, usukani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na gari linalofaa ni lenye usukani kulia. Magari ya Dubai, ambayo bei yake huvutia, yana usukani kushoto. Ya Uingereza yana usukani kulia.

Pili, tundu la kuchajia. Ya Uingereza na Ulaya hutumia CCS2. Ya soko la China hutumia GB/T, Nissan Leaf ya Japani hutumia CHAdeMO, na Tesla za Marekani zina tundu lao. Gari la bei poa lenye tundu lisilolingana na chaja zilizopo litakufunga nyumbani.

Tatu, kodi. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya gari, bima ya safari na nauli ya meli kwa pamoja. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Kwa hiyo kodi moja hutozwa juu ya nyingine. Omba makadirio ya maandishi kutoka kwa wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kulipa, wala usitumie makadirio ya rafiki aliyeingiza gari miaka mitatu iliyopita.

Nne, dhamana na bima. Tesla haina duka rasmi nchini, kwa hiyo ile dhamana ya kiwanda ya betri, ambayo kwa Model 3 Performance ni miaka 8 au kilomita 192,000, si kitu cha kutegemea hapa. Aidha, dhamana hiyo haihusu madhara yatokanayo na mashindano. Bima kubwa ya magari nayo kwa kawaida hutaja wazi kuwa haihusu mbio na majaribio ya mwendo. Soma mkataba wako. Sentensi hiyo huwa imeandikwa kwa herufi ndogo.

Hesabu kamili

Sasa tuweke yote pamoja. Takwimu hizi ni za mfano, na kila msomaji aweke zake. Tuseme gari limefika Mutuka kwa jumla ya Sh. milioni 150, na mwenyewe anaendesha kilomita 12,000 kwa mwaka, barabarani tu.

Umeme: yuniti 2,400 kwa Sh. 356, sawa na Sh. 854,400.
Kushuka kwa thamani, asilimia 15: Sh. 22,500,000.
Bima, asilimia 3.5: Sh. 5,250,000.
Seti moja ya tairi: Sh. 4,000,000.
Faida iliyoachwa, yaani fedha hizo zingewekwa mahali salama kama hatifungani za Serikali kwa asilimia 10: Sh. 15,000,000.

Jumla ni Sh. 47,604,400 kwa mwaka, ambayo ni Sh. 3,967 kwa kilomita. Katika kila Sh. 100 zinazotoka, umeme umechukua chini ya Sh. 2. Ile safari ya Arusha iliyoonekana kugharimu Sh. 24,000 imegharimu zaidi ya Sh. milioni 1.3.

Wengi hubisha kwenye mstari wa faida iliyoachwa, wakisema fedha hiyo hawakuilipa. Mfanyabiashara wa mazao ndiye anayepaswa kuuelewa kuliko wote. Sh. milioni 150 zilizoegeshwa uani wakati wa mavuno ni mbaazi ambazo hukununua. Na ukikopa benki ili kuziba pengo hilo, mstari huo utabadilika jina kuwa riba, nao utaupenda hata kidogo zaidi.

Angalia pia kile kinachookolewa. Ukiachana na saluni ya petroli yenye nguvu, unaokoa Sh. 3,465,600 za mafuta kwa mwaka. Kushuka kwa thamani peke yake kunakula akiba hiyo zaidi ya mara sita.

Je, hakuna anayefaa kununua?

Yupo. Ni yule ambaye fedha yake ya msimu iko salama, hana deni la benki, na anatoa bei ya gari kwenye faida aliyokwisha kuitenga kwa starehe. Starehe si dhambi, ila iandikwe kwenye daftari kama starehe. Kuiandika kama uwekezaji ndiko kunakofilisi watu.

Tena mnunuzi huyo akumbuke kwamba katika kila hasara kuna mtu upande wa pili. Hertz ilipouza magari yake, walionunua walipata punguzo lililolipiwa na Hertz. Gari la miaka mitatu limeshaangusha sehemu kubwa ya thamani yake, na asilimia inayobaki kushuka huwa ni ya bei ndogo. Anayenunua mtumba adai kipimo cha afya ya betri, aulize kama gari limewahi kupelekwa uwanjani, na akague chini ya sakafu kwa macho yake au kwa fundi anayemwamini. Betri ndiyo injini na ndiyo tangi. Ikiwa mbovu, umenunua bodi.

Kwa mwenye kutaka unafuu wa umeme kwa ajili ya biashara, njia ipo, lakini inaanzia kwenye chombo cha bei ndogo kinachotembea kilomita nyingi kila siku. Unafuu wa umeme hupatikana kwa kila kilomita. Chombo cha Sh. milioni chache kinachotembea kutwa hukusanya unafuu huo haraka. Gari la Sh. milioni 150 linaloegeshwa siku tano kwa wiki haliukusanyi kamwe.

Zoezi

1. Rudia hesabu ya hapo juu kwa gari lile lile la umeme lililotumika, kwa bei ya Sh. milioni 70, thamani ikishuka kwa asilimia 10 kwa mwaka. Gharama kwa kilomita ni ngapi?

2. Ongeza siku nne za uwanjani kwa mwaka: seti mbili za tairi, seti mbili za pedi, ada za uwanja, na nauli ya kulisafirisha gari nje ya nchi. Kisha gawa jumla kwa siku nne. Je, kwa fedha hiyo usingeweza kusafiri, kukodi gari la mbio la wenyeji kwa siku hizo na kurudi nyumbani na chenji?

3. Andika thamani ya gari unalomiliki sasa, kisha idadi ya magunia unayoweza kununua kwa fedha hiyo siku ya kwanza ya mavuno. Weka karatasi hiyo karibu na ufunguo wa gari.